Karai Mbele ya Lori

Kuna Ijumaa moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikisikia lori likipanda mlima wetu wa Nyamagena. Na juma hili nimelisikia tena. Mmepata jiwe jipya upande wa juu wa machimbo ya zamani, mnunuzi kutoka jijini amekwisha kuja kulitazama, na nyinyi vijana mmeahidi kumpakilia Ijumaa hii. Kabla hujakunja mikono ya shati, keti barazani kwangu unisikilize. Si kila mtu hapa ana baraza la vigae, na hili nimelijenga kwa jasho langu.

Nilipokuwa wa rika lako, Nyamagena ilikuwa na kelele tamu. Tangu alfajiri ulisikia sururu machimboni, patasi vibandani, na chini kijitoni vicheko vya akina mama. Wanaume walichimba na kuchonga, wanawake waliosha. Usilidharau neno hilo, kuosha. Jiwe la sabuni, hilo letu laini la kuchongwa, likitoka kwa mchongaji lina vumbi tu, halina uso. Mama alilitumbukiza kwenye karai, akalisugua kwa msasa na maji mpaka rangi ikajitokeza: nyeupe, waridi, au mistari ya kahawia kama chai iliyomwagikia maziwa. Jioni watu walirudi nyumbani magoti meupe. Hata sokoni Birongo ungemjua mtu wa kwetu kwa magoti.

Desturi ilikuwa moja: jiwe halikutoka mlimani likiwa bichi. Lilipita kwa mchimbaji, kwa mchongaji, kisha kwa muoshaji, kila nyumba ikapata tonge lake.

Basi Ijumaa hiyo lori lilikuja kutaka mawe mabichi, magogo mazima. Wazee waliguna, lakini mnunuzi alilipa papo hapo, wakanyamaza. Mimi nilikuwa juu ya lori nayapanga, maana nilikuwa na nguvu, na kichwa changu hata wakati ule kilikuwa chepesi. Dereva akawasha injini. Ndipo akatokea nyanya yangu Kemunto, tuliyemwita Magokoro, yaani nyanya kwa Kigusii, mkubwa wa waoshaji, na karai la maji kichwani. Akalitua mbele ya gurudumu, akakaa chini.

"Magokoro, ondoa karai," nikamwambia. "Dereva ana haraka."

"Haraka yake ameitoa wapi? Mimi sina. Sabato haiingii mpaka jua lizame."

Dereva akachungulia dirishani. "Mama, jiwe ni jiwe tu!"

"Na ugali ni unga tu. Mbona huli unga?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Akaniambia nimshushie jiwe moja. Akalisugua taratibu, tukimtazama, na mshipa wa waridi ukatokea kama mtoto anayeamka. Mnunuzi mwenyewe akashuka. "Hilo nauziwa?" akauliza.

"Hili limeoshwa. Wewe umekuja kutafuta mabichi." Kisha akanitazama mimi. "Mokua, mnauza ng'ombe na ndama aliye tumboni. Siku mtakapotaka maziwa, mtamkamua nani?"

Akabeba karai lake akaondoka, jua la Ijumaa likiwa bado juu. Lori nalo likaondoka. Likafuatwa na mengine.

Kizuri chajiuza, mwanangu, lakini sisi tulikiuza kabla hakijawa kizuri. Jiwe lililotulisha kidogo kidogo likaisha upesi. Patasi zikanyamaza. Akina mama wakaenda kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu huko Sironga. Machimbo yakajaa maji ya mvua, na vibanda vikaota nyasi.

Mimi nilikwenda kusoma. Nina stashahada ya usimamizi wa hoteli, hiyo hapo ukutani, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nimepanga meza za wakubwa ambao wewe huwaona kwenye runinga. Nilirudi nikajenga nyumba hii ya wageni, wakanicheka: nani atakuja kulala kwenye shimo? Leo wanakuja. Wanapiga picha za ziwa letu dogo la machimboni ndege wakilizunguka, wanapanda kuona mashamba ya chai yakifuka ukungu asubuhi. Lakini wote huuliza swali moja: "Wachongaji wako wapi?" Hapo mimi, bingwa wa maneno, huwaonyesha vibanda vilivyoota nyasi.

Sikwambii umfukuze mnunuzi. Mwambie Nyamagena inauza bakuli, vikombe na vinyago, haiuzi magogo. Akikataa, jiwe halina miguu, litamngoja mwingine. Chimba kwa kiasi. Mpe mchongaji mzee aliyebaki na patasi yake, naye ampe mama yako aoshe. Pesa itachelewa kufika mfukoni mwako, lakini itapita kwenye kila mlango ikija.

Karai la Magokoro ninalo. Lilitoboka, nikaliziba. Ijumaa utanikuta barabarani mbele ya lori, nimeketi kwenye kiti kizuri cha hoteli yangu, nalo mbele yangu limejaa maji. Uje na jiwe la kwanza, mwanangu, tulioshe pamoja.

Mungu aibariki mikono yako isikose kazi, ayafanye magoti yako kuwa meupe, na wajukuu wako wausikie mji huu kwa masikio yao, wasisimuliwe tu.