Mwendo wa Saa Kumi na Tano

Mzee Takyo wa mji wa Lipa, Ufilipino, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, na ndiyo maana alizijua kuliko marubani. Ukimuuliza njia ya sokoni, atakutajia kwanza umbali kutoka Los Angeles hadi Manila: kilomita elfu kumi na moja na mia saba, saa kumi na tano angani. Bintiye Marivic alikuwa huko Marekani miaka tisa akiuguza wazee wa watu, kwa hiyo mtaani hapakuwa na wa kumbishia.

Mkewe Rosenda alipofariki, jeneza likawekwa sebuleni na mkesha ukaanza, maana hapa hatuziki mpaka mtoto aliye ng'ambo afike. Waombolezaji wakajaa uani na karata zao, wakihuzunika kwa zamu, hasa walioliwa pesa. Mzee Takyo akapiga hesabu mbele ya wote.

"Anaruka Ijumaa usiku. Saa kumi na tano. Jumamosi mchana yuko hapa, jioni tunazika. Padri nimeshamwambia."

"Shemeji, huko si wako nyuma yetu kwa siku?" akauliza Konsing, mdogo wa marehemu.

"Konsing, wewe umefika wapi?"

"Kwani wewe umefika wapi?"

"Mimi nimesoma!"

Jumamosi wakaenda uwanja wa ndege wa Manila kumpokea, watu kumi na wawili kumlaki mmoja, kama adabu inavyotaka. Watoto wa kila mtu wakatoka mlangoni isipokuwa wake. Mwishowe mlinzi akamsomea ujumbe wa safari uliokuwa kwenye simu ya mzee mwenyewe.

"Ni kesho alfajiri, mzee. Ukitoka kule Ijumaa usiku, Jumamosi unaiacha baharini."

Njia nzima ya kurudi Mzee Takyo aliwalaani wenye ndege kwa kuchelewa. Nyumbani akamkuta padri ameshavaa, na kaburi limechimbwa.

"Basi tumzike bila mwanawe?" Konsing akafoka, machozi yakimtoka. "Sema, shemeji! Si umesoma?"

Mzee Takyo alitazama jeneza, akatazama watu.

"Nimekosea hesabu," akasema. "Tusimzike leo."

Wacheza karata walipokea habari hizo kwa majonzi makubwa, wakaagiza kahawa nyingine.

Jumapili alfajiri Marivic aliingia na begi bado begani. Akamwinamia mama yake, na Konsing akamvuta taratibu, chozi lisije likadondokea kioo cha jeneza, maana kwetu huo ni mkosi. Binti alilia mpaka uani wakaweka karata chini. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, alikuwa ananiulizia?"

Mzee Takyo akamtua begi begani.

"Kila siku aliniuliza, kutoka huko hadi hapa ni saa ngapi," akasema. "Na mimi kila siku namjibu kumi na tano. Nilidhani anataka hesabu."