Mwanamke Aliyepaka Bawaba Mafuta

Mmenichosha. Kila anayepita mlangoni kwangu: "Bibi, andika yale ya Domitila." Kwani hapa mjini Camajuaní mwenye kalamu ni mimi peke yangu? Mimi niliyejua kuandika kichwa kishaingia mvi? Haya, naandika. Atakayeona herufi zimepinda azinyooshe mwenyewe.

Domitila Quesada alikuwa msokota biri, na alikuwa mbishi. Marehemu mumewe alikuwa akisema, ukimwambia Domitila mvua inanyesha, atatoka kwanza alowe ndipo akubali. Meza yake ilikuwa mbele kabisa katika ukumbi wa kiwanda chetu cha biri, chini ya jukwaa la Evelio msomaji. Kazi ya Evelio ilikuwa kutusomea tukisokota: asubuhi gazeti, mchana riwaya. Tukipenda, tuligonga meza kwa visu vyetu vya kukatia majani, ukumbi ukanguruma. Tusipopenda, tulivitupa sakafuni.

Mwaka ule ilisomwa riwaya ya upelelezi. Leonor, mtumishi wa sonara tajiri, alipendwa na kijana mtanashati. Kijana akamwambia, "Kipenzi, leo usitie komeo mlango wa nyuma, nije nikuage kabla ya safari." Leonor akafanya hivyo. Kulipokucha sonara alikutwa amekufa na kijana hayupo. Mpelelezi akamnasa muuaji, kisha akamwambia Leonor aende zake, hana hatia, alitumiwa tu. Visu vikagonga meza. Hata wanaume walipangusa machozi.

Domitila akakitupa chake sakafuni. Kililia peke yake.

"We mama, huna moyo?" Ceferino wa meza ya pili akamuuliza. "Binti wa watu kadanganywa!"

"Binti wa watu kapaka bawaba mafuta."

"Mafuta gani tena?"

"Evelio, baba, hebu rudi pale Leonor alipoingia jikoni jioni ile."

Evelio akafunua kurasa nyuma, akasoma. Kweli bwana: Leonor alichovya unyoya wa kuku kwenye mafuta, akapaka bawaba za mlango ili usilie.

"Sasa kama ni kuagana tu, mlango ukilia kuna nini?"

"Alikuwa anaficha mapenzi, si mauaji! Kwani wewe hukuwahi kuwa msichana?"

"Nilikuwa, tena mzuri kuliko mkeo." Watu wakaangua kicheko. "Sikusema kaua. Nasema alinusa jambo, akachagua kutouliza. Huyo msiniambie hana hatia."

Tangu hapo wakamwita Bibi Bawaba. Hakujali. Aliitika.

Haukupita muda, yakamkuta Zenaida. Alikuwa msichana mgeni kutoka mashambani, Domitila akimfundisha kusokota kwenye meza ya jirani. Osmundo wa ghalani akamwona, akamtongoza, msichana wa watu akayeyuka. Sasa, kwetu kila mfanyakazi hutoka jioni na biri zake chache za kuvuta nyumbani. Tunaziita "moshi wangu," na ni halali yake. Siku moja Osmundo akamkabidhi Zenaida furushi la majani laini kabisa, yale ya kuvalisha biri kwa nje. "Huo moshi wangu, kipenzi. Nitangulizie, mimi bado nina kazi."

Mtoto yeyote wa mjini anajua moshi hutoka umeshasokotwa; kutoka na majani ni wizi. Lakini kule mashambani alikokulia Zenaida, mtu hupewa wake ukiwa majani, ajisokotee. Akajitwika furushi, akashika njia ya lango kubwa. Akakamatwa palepale. Osmundo kusikia, akakimbilia kwa mjomba wake, hakuonekana tena.

Baraza la wafanyakazi likakaa mlemle ukumbini, saa ya kahawa. Mwenyekiti alikuwa Ceferino. Wakisema Zenaida ana hatia, anapoteza meza yake na anarudi kwao na jina la mwizi.

"Alikuwa mpenzi wake," Ceferino akasema. "Haiwezekani asijue."

Domitila akasimama. "Na Leonor je, mliyemlilia?"

"Yule ni wa kitabuni, mama!"

"Ehee! Wa karatasi mnampangusa machozi, wa nyama na damu mnamfukuza."

"Na wewe si ndiye uliyemtia Leonor hatiani? Leo umegeuka?"

"Sijageuka hata kidole. Zenaida, mwanangu, futa kamasi unijibu. Furushi ulilibeba wapi?"

"Kichwani, Mama Domitila."

"Ulipitia wapi?"

"Lango kubwa."

"Mlinzi ulimwambia nini?"

Msichana akainamisha uso. "Nilimwambia nimebeba moshi wa Osmundo… anitue kidogo nifunge kamba ya kiatu."

"Kweli kabisa!" mlinzi akapaza sauti kutoka nyuma. "Na nilimtua!"

Ukumbi ukacheka, hata Zenaida akacheka ndani ya kilio.

"Haya niambieni," Domitila akasema, "mwizi gani anamwomba mlinzi amtue? Leonor alihakikisha mlango haulii. Huyu kapita akilia yeye mwenyewe kama mlango. Wote wawili walitumiwa, lakini mmoja alijua pa kupaka mafuta."

"Sheria je?" Ceferino akang'ang'ana. "Hakuijua?"

"Nani alimwambia? Wewe? Mimi nilimfundisha kusokota. Kutoka hakuna aliyemfundisha."

Ceferino akatazama dari, akakuna shingo, akatutazama sisi. Kisha, kabla hajauliza nani anakubali abaki, mkono wake mwenyewe ukawa juu. Mikono yote ikamfuata, hata ya waliokuwa wameshika vikombe, kahawa ikamwagika mezani.

Jioni hiyohiyo Zenaida alisokota biri iliyonyooka vizuri kuliko zote alizowahi kusokota. Domitila akaigeuza, akainusa, akaipitisha meza kwa meza kama mtu anayeonyesha mjukuu. Alitembea ukumbi mzima kifua mbele, na alipofika kwa Ceferino alisimama sana.

"Lakini Leonor hana hatia," Ceferino akanung'unika.

"Anayo," Domitila akasema, akaendelea mbele.

Basi nimeandika, na mkono unaniuma. Sasa zamu yako. Mtafute mtu ambaye mikono yake ina kazi, umsomee haya yote kwa sauti, kisha umuulize habari ya Leonor. Akisema hana hatia, mlete hapa kwangu.