Jezi Nilizoziachia Nafasi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na mkasi wangu, futi kamba yangu na chupa ya chai. Nikaambiwa nikalie kopo la rangi, kwa sababu kiti hakikuwepo. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jengo moja la Marshalltown: cherehani mbili, ovaloki moja ya kuziba pindo, na rundo la kofia ngumu zenye vyuma mbele ya uso kama dirisha la spaza, yale maduka madogo ya mtaani. Nilidhani ni za waendesha pikipiki.

Mwaka ulikuwa 2016. Nilikuwa nimeshona miaka mingi chumbani kwangu La Rochelle, kanzu na mabuibui ya watu wetu wa Tanga na Dar, na sare za madrasa. Shule sikuikalia sana, lakini nguo yangu haikuwahi kurudishwa. Nawaambia hilo mapema, nyinyi mafundi wa leo, mjue nilivyokuwa na kichwa kikubwa.

Timu ilikuwa ya mpira wa Kimarekani. Mpira wao una umbo la yai kama wa raga, na mtu anaukumbatia na kukimbia nao huku wengine wakimwangusha. Akiufikisha mwisho wa uwanja, hiyo inaitwa tachidauni, nalo ndilo bao kubwa. Timu zilizolipa wachezaji zilikuwa chache bado, na yetu ilikuwa mojawapo, basi kila mtu alitembea amejaza kifua.

Aliyeniajiri ni Meneja wa Vifaa, Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye suti nyumbani na kazini. Alinipa jezi moja ya mfano iliyotoka ng'ambo.

"Mama Fundi, fuata hii tu, vile iko. Usiongeze, usipunguze. Voilà."

Nikaipima. Nikampima na mchezaji mmoja, Themba, kijana wa Soweto mwenye mabega kama mlango. Kisha nikaitazama tena ile jezi. Ilikuwa nyembamba, ya kumbana mtu hadi aibu. Nikajisemea, hii imesinyaa kwa kufuliwa na maji ya moto. Mtu mzima hawezi kuvaa kitu hiki mbele ya watu. Na tena ndani wanavaa pedi, yaani mabega ya plastiki na sponji, hizo nazo zinataka hewa.

Basi nikaongeza inchi nne kila ubavu. Sikumwambia mtu. Kushona kanzu kumenifundisha kwamba nguo ya heshima haigusi mwili, nami sikuona kwa nini mpira ubadilishe hilo. Wachezaji walipozivaa walifurahi.

"Sharp, Gogo! Tunapumua!" Themba akasema.

Gogo kwa Kizulu ni bibi. Kwetu ni mti ulioanguka. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akakaa chini, na jina likabaki.

Msimu ukaanza, tukafungwa. Tukafungwa tena. Mechi zilichezwa Randburg siku za Jumamosi, nami sikwenda. Kazi yangu ilikuwa nguo, na kutazama watu wakigongana sikukuona kuwa kazi. Jumatatu jezi zilikuja kwenye magunia, na mimi nikaanza kushona.

Sasa sikilizeni. Jezi zote zilichanika mahali pamoja: mgongoni, chini kidogo ya bega. Fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilijiuliza tu nitazizibaje. Nikaweka kiraka kwa ndani, nikapiga mshono wa zigizaga mara mbili juu yake, kwa uzi wa kushonea viatu. Nikavuta kwa mikono miwili, mshono haukuachia. Nikajisifu.

Baada ya hapo tukafungwa vibaya zaidi.

Mwenyekiti wa timu akashuka chumbani kwetu, mtu wa ofisini, viatu vinang'aa. Hakukaa juu ya kopo.

"Imebaki mechi mbili," akamwambia Papa Ilunga. "Wadhamini hawaombi ushindi, wameshakata tamaa. Wanataka tachidauni moja. Moja tu, msimu mzima. Ikikosekana, timu inavunjwa."

Alipoondoka, Papa Ilunga alilegeza tai yake. Sikuwahi kuona shingo ya mtu yule kabla ya siku hiyo.

"Mama Fundi, kesho kutwa unakuja uwanjani. Kama tunakufa, tukufe wote."

Nikaenda. Nikakaa na mwavuli wangu karibu na Kocha Mkuu, mtu mfupi mwenye filimbi, aliyekuwa akizungumza na majani ya uwanja zaidi kuliko na watu. Themba akapewa mpira. Alikimbia, wallahi, alikimbia kama amefunguliwa kamba. Mbele yake hakuna mtu. Kisha mmoja wa wale wengine akanyoosha mkono kwa nyuma, akashika ngumi nzima ya kitambaa, palepale chini ya bega, akavuta. Kitambaa hakikuchanika. Themba akarudi chali.

Ikatokea tena. Na tena.

"Mbona wanashika nguo?" nikamuuliza Kocha. "Hakuna adabu?"

"Inaruhusiwa, Gogo. Ndiyo maana jezi hubana. Yetu sijui aliichora nani, labda mtu wa mahema."

Ile ngumi ilikuwa imeshika inchi zangu nne. Mwanzoni kitambaa kilichanika, angalau kijana akaponyoka hatua mbili. Mimi nikakifunga kwa uzi wa viatu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na msimu ulikuwa umebakiza mechi moja. Lakini kesho yake nilimtafuta Papa Ilunga, aliyekuwa ametoka kanisani, nikamwambia moja kwa moja: "Ule mfano sikuufuata. Nilidhani umesinyaa. Anayewaangusha vijana ni mimi."

Akaitia Biblia yake kwapani.

"Mama, nilikuambia usiongeze."

"Uliniambia."

"Inchi ngapi?"

"Nne. Kila upande."

Akapiga makofi mara moja, akaanza kucheka, akacheka mpaka Biblia ikamdondoka. "Inchi nane! Umewashonea Wazulu makanzu!"

Jumatatu nikaanza. Nilifumua kila ubavu, nikapiga chaki, nikakata, nikapitisha ovaloki, na kwenye mapindo nikaweka lastiki. Mtu yeyote anaweza kuongeza kitambaa kwa kujisikia tu, lakini kupunguza kunataka upime mara mbili. Ijumaa mchana jezi zilikuwa tayari.

Jumamosi nusura zishindikane kuvaliwa. Ilibidi watu wawili wamvute mmoja, kama kumtia mtoto mkaidi sweta.

"Eish, Gogo, sipumui!" Themba akalia.

"Utapumua ukifika mwisho wa uwanja."

Mechi hiyo nayo tulifungwa, sitawadanganya. Lakini karibu na mwisho Themba alipata mpira ukingoni, akapita wa kwanza. Wa pili akamnyooshea mkono palepale nilipopajua. Vidole vikakwaruza, vikatafuta kitambaa, vikakosa, yule mtu akaanguka na mkono mtupu. Themba akafika. Kocha Mkuu akatupa filimbi. Papa Ilunga alikuwa akipiga kelele kwa Kifaransa, mimi nikajikuta nimesimama na mwavuli juu na jua hakuna.

Timu haikuvunjwa. Msimu uliofuata tulishinda mechi kadhaa, na Kocha akaanza kuzungumza na watu. Mimi nilishona mpaka 2019, macho yalipoanza kunikosea tundu la sindano.

Wajukuu zangu wa La Rochelle wananijibu kwa Kiingereza nikiwasimulia haya, lakini kucheka wanacheka kwa wakati unaofaa. Nawaambia wao na nyinyi pia: kabla hujakata, uliza nguo inakwenda kufanya nini, kisha nenda ukaitazame ikifanya. Mimi nilikaa karibu msimu mzima nikitibu tundu nililolitoboa mwenyewe, kwa sababu kutoka Marshalltown hadi Randburg niliona ni mbali.

Siku ya kustaafu vijana walinipa jezi iliyoandikwa GOGO mgongoni, imebana kama zote. Nilishukuru, nikaenda nayo nyumbani, nikaifumua ubavuni, nikaongeza inchi nne kila upande. Mimi hakuna anayenikimbiza.