Matobolwa ya Mzee Maduhu

Mwanangu, ipo siku moja siisahau, nikiwa binti wa umri wako, nilipotoka hapahapa Igogo, Mwanza, na begi la turubai mgongoni nikatangaza kwamba naenda Musoma kwa miguu. Leo nimekuona unafungasha begi lako la safari ya kuzunguka ziwa, simu inakuonyesha kila kona, nikacheka peke yangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, hata akivaa raba.

Mimi sikuwa na ramani. Nilikuwa na ukaidi tu, na maneno ya vijana wa mtaani waliosema nitaishia Kisesa, hapo nje tu ya mji. Nilitaka kufika Musoma kabla likizo haijaisha, nirudi niwafunge midomo.

Mvua ikanikamata karibu na Magu. Nikapiga hodi katika mji wa Mzee Maduhu, mfugaji mrefu, mchache wa maneno. Mkewe, Mama Masanja, akanipokea kana kwamba alinizaa yeye. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililishika mvua ilipokatika tu, maana kwetu tulilelewa. Hapo najisifu, niache nijisifu.

Tukiwa shambani mama akanieleza habari za Masanja, mwanawe wa pekee, aliyekataa kuchunga akaenda kuvua Ukerewe. Mzee alimwambia kuwa Msukuma anayeacha ng'ombe akafuata samaki asikanyage tena kwake. Tangu hapo jina lile hakulitamka. Hata mkewe alimwita "wewe mama" tu. "Naogopa watazikana bila kusemeshana," mama akaniambia, huku anapalilia.

Asubuhi ya kuondoka, Mzee Maduhu akanijia, akafungua begi langu bila kuniomba, akasukumia ndani kifurushi cha matobolwa, vile viazi tunavyochemsha, tukavikata na kuvianika juani.

"Huko kwa wavuvi kuna mtu anayapenda haya," akasema, akaenda zake kwa ng'ombe.

Mama Masanja alibaki na ufagio mkononi, machozi yanamtoka.

Nilipofika Bunda njia ikagawanyika. Musoma ilikuwa mbele, Ukerewe kushoto, na likizo yangu isingetosha kote kuwili. Nilisimama pale nimekasirika kwelikweli. Ningeweza kuyatafuna matobolwa yale mwenyewe na asijue mtu. Lakini ugali wa mama yule nilikuwa nimeula, na maneno yake yalikuwa hayajanitoka masikioni. Nikashika njia ya kushoto, nikinung'unika mpaka Kisorya.

Nikavuka maji, nikaanza kuulizia mwalo baada ya mwalo, kule wavuvi wanakoegesha mitumbwi, hadi nikamkuta mwanamume mmoja anatandaza dagaa kwenye mchanga, mrefu, hana maneno. Sikuhitaji kuonyeshwa. Nikampa kifurushi. Akatafuna kipande kimoja, akaacha kutafuna.

"Haya ni ya mama," akasema. "Ndiye kakutuma?"

"Mama yako ndiye aliyeyakata. Aliyeyatia kwenye begi ni baba yako, kwa mkono wake."

Akaketi palepale, juu ya dagaa wake.

Kesho yake tukaanza kurudi pamoja. Njiani alikuwa akinitangulia, nami nahema nyuma yake. Tulipokaribia Magu akaanza kubaki nyuma yangu. Mzee tulimkuta mlangoni mwa zizi.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Mimi nilikuwa nimeshikilia mikanda ya begi kwa mikono yote miwili.

"Marahaba, Masanja," akasema. "Ng'ombe hawajanyweshwa."

Masanja akaokota fimbo, akawatoa ng'ombe. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mwanangu, siku ile nilijiona mkubwa kuliko mawe yote ya Mwanza.

Likizo ikaisha. Vijana wa Igogo wakaniuliza kama nilifika Musoma. Nikawajibu kuwa nimefika Magu mara mbili. Walicheka sana, na kicheko chao hakikunipunguzia kitu. Baadaye Musoma nimeenda mara nyingi kwa basi, na hakuna hata safari moja kati ya hizo ninayoweza kukusimulia.

Sasa nisikilize. Simu ikuonyeshe njia, sikatai, lakini mtu akikuomba upinde kwa jambo jema, pinda. Wasalimie watu kabla hujawauliza njia. Ukila kwao, shika jembe lao. Ukipewa salamu uzifikishe, maana ni mzigo wa watu, na wako wanaozisubiri bila kusema. Usiwaonee wivu watakaokupita. Kutangulia si kufika. Na hizo nguo zipunguze, begi libaki na nafasi.

Mzee Maduhu na mkewe tumekwisha kuwazika. Masanja ndiye mzee wa mji ule leo, na ng'ombe wake ni wengi kuliko wa baba yake. Pitia kwake. Kifurushi hiki cha dagaa kiweke juu, kisipondeke. Jina langu usilitaje. Mwambie tu kwamba Igogo kuna mtu anayejua kuwa dagaa bado anawapenda.

Haya, nenda. Mungu akupe miguu myepesi na milango inayoitika hodi. Na ukirudi bila kufika ulikosema unakwenda, nitakupokea kwa vigelegele.