Mlango Uliokwepa Upepo

Jumanne iliyopita nilikuwa nakunywa chai katika hoteli ndogo katikati ya mji wa Lodwar, ile ambayo mwenyewe anaibomoa mwezi ujao ajenge kubwa zaidi. Mzee mmoja Mturkana aliingia, akatusalimu kwa Kiturkana, "Ejok," kisha badala ya kuketi akaupapasa ukuta kwa kiganja.

"Mzee, unatafuta nini?" akauliza mwenye hoteli, mama aliyekuja hapa kutoka Kitale akiwa bado msichana.

"Hii nyumba mimi nilijenga. Ilikuwa stoo ya ngozi. Mawe tulibeba kutoka mto, mimi na ndugu yangu. Yeye alishakufa."

Mama akaiweka birika chini, akamweleza kwa upole kwamba inabomolewa ijengwe mpya. Mzee akageukia mlango.

"Hiyo mpya, mlango itaangalia wapi?"

"Barabarani."

"Upepo italeta mchanga kwa chakula. Sisi tulikaa hapa siku mbili kwanza, tunaangalia upepo tu."

Nimekula pale miaka mingi bila kutafuna mchanga, na sikuwahi kujiuliza ni kwa hisani ya nani. Mama alimkalisha mzee, akamletea chai na mandazi, kisha akampigia fundi simu mbele yetu.

"Ule mchoro," akamwambia, "tugeuze mlango."