Mtumwa Anadai Jina Lake

Najua mimi ni mtu wa mzaha. Muulize mwalimu yeyote wa Kidato cha Pili shuleni kwetu, atakwambia hivyo, tena bila tabasamu. Kwa hiyo ninapoyasimulia haya watu hungoja mahali pa kucheka, na wasipopaona hukasirika. Yalinipata mimi mwenyewe, Jumamosi, saa nane mchana, jua likiwa utosini. Ndiyo, mchana. Nani alikwambia wafu wa Eastlands wana saa za kazi?

Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na hiyo ilikuwa siku ya tatu mtoto akikataa kunyonya. Akiwekwa titini analia, akitolewa analia. Nesi wa kliniki alimpima asione ugonjwa, akasema ikifika jioni hajanyonya, alazwe. Sasa, baba ni Mkamba, na kwao mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo bado ni wa wale wa kuzimu, wanaweza kumwita arudi. Mama ni Mluhya, na kwao mtoto akilia namna hiyo, majina ya marehemu huitwa moja moja mpaka lile analolitaka limnyamazishe. Basi nyumba yetu ya vyumba viwili kule Mowlem ilikuwa imejaa. Babu, baba yake baba, mchonga vinyago, alikuwa ametoka Machakos kuja kutoa jina. Kukhu, mama yake mama, alikuwa ametoka Kakamega kuhakikisha linatolewa vizuri.

Babu aliita Nduku, akaita Syombua, Mbithe, Kamene. Akasema ndio hao, nyanya wote wa ukoo wamekwisha. Mtoto akazidi kulia hadi sauti ikaanza kukauka.

Mimi nikatumwa nyama soko la Burma, mathe apikiwe supu.

Wakati wa kurudi nilipitia Majengo, kwa sababu kule kuna mahamri na kwa sababu sikuwa na haraka ya kukisikia kile kilio. Kwenye kibaraza cha nyumba moja ya udongo aliketi mwanamke mzee amejifunga kaniki, kile kitambaa cheusi ambacho sijamwona mtu mwingine akikivaa. Shingoni alikuwa na alama ya duara, kama mti uliofungwa waya ukiwa bado mchanga. Nikamwamkia kwa salamu ya Majengo, shikamoo, kwa kujitia adabu tu.

"Usinishike miguu," akasema. "Kazi hiyo nimeifanya mimi. Umetumwa?"

Nikasema ndiyo, nimetumwa nyama.

"Hata mimi mtumwa."

Wewe ungesikia nini hapo? Mimi ndiye kifungua mimba wa kwetu. Natumwa unga, natumwa mafuta ya taa, natumwa hadi kuazima kiberiti kwa jirani. Nilidhani anasema na yeye katumwa. Nikamuuliza, nyanya, kwa umri huo ni nani bado anakutuma dukani?

"Babu wa babu yako."

Nikacheka. Nikamwambia huyo alikufa zamani, sasa anaweza kupumzika. Hakucheka. Akaniulizia babu kwa jina lake, akauliza kama kile kidole alichojikata kwa tezo akiwa mtoto kilipona vizuri. Hapo nikautazama mfuko wangu wa nyama. Inzi walionifuata tangu Burma hawakuwapo, hata mmoja. Nikaigusa nyama, nayo ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na jua lile. Niamini, ukibeba nyama mchana Majengo na inzi wakakuacha, huhitaji kuambiwa zaidi.

"Mwambie babu yako mtumwa anadai jina lake," akasema. "Sekela. Rudia."

Nikiogopa mdomo wangu haunitii. Sekela chekelea, nikasema. Akaniambia nirudie. Nikarudia vilevile. Akaniambia tena, kwa upole, kama mtu ambaye amesubiri muda mrefu na anaweza kusubiri zaidi. Nikainama kuokota mfuko, na nilipoinuka kibaraza kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma yake ulikuwa umepigiliwa mbao, na misumari ilikuwa na kutu.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilisimama mlangoni nikautoa ujumbe kama ulivyo, mbele ya wote, nikidhani bado mtumwa ni mtu aliyetumwa, kama mimi.

"Babu, kuna mtumwa kule Majengo. Anadai jina lake."

Babu aliweka kikombe cha chai chini polepole. Baba akaniita kwa jina langu kamili, lile la kupigiwa, akaniambia nifunge mdomo.

"Mtumwa gani, mzee?" Kukhu akamuuliza babu.

Kwa babu ilikuwa rahisi kusema ni utani wangu. Nani angebisha? Na tangu siku ya mahari alikuwa akiwaambia wakwe kwamba ukoo wake haujawahi kuchanganyika na mtu wa kununuliwa. Akamtazama mtoto. Sasa kichanga kilikuwa kinalia bila sauti, mdomo tu.

"Ni nyanya yangu," akasema. "Babu yangu alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Alikutana na msafara uliotoka Nyasa, akampata kwa pembe moja, akazaa naye watoto sita. Tulimwita Mtumwa mpaka tukamzika."

Akaeleza kwamba baba yake hakutaka binti yake yeyote aitwe hivyo, na yeye pia hakutaka, na baba yangu hakuambiwa kitu. Kukhu akauliza lile ambalo wanaume wa vizazi vitatu hawakuuliza. Kabla ya kununuliwa aliitwa nani?

"Sijui. Hatukuuliza."

Wakanigeukia wote, nami nikagundua jina limenitoka. Nilichobaki nacho ni upuuzi wangu, chekelea. Nikaanzia hapo, nikautafuna mbele ya wakubwa huku baba akinikodolea macho. Chekelea. Chekela. Sekela.

Mama akainama, akamwita mtoto kwa jina hilo. Mtoto akafunga mdomo, akalitafuta titi, akanyonya hadi akalala nalo.

Ile nyama hatukuila. Ilikaa dirishani siku tatu bila inzi wala harufu, baba akaenda kuizika. Ndugu za babu kule Machakos wanasema aliwavua nguo mbele ya wakwe, na wawili hawajamwamkia mpaka leo. Yeye, aliyechonga twiga wa watalii maisha yake yote, alichonga mwanamke mmoja, akamwacha shingo laini. Nikamwambia amesahau alama. Akasema hakusahau. Na maana ya Sekela sijui. Nikiuliza Majengo, kila mtu hunipa yake.

Wewe je? Hesabu nyanya zako kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti. Ukifika kwenye pengo, waulize wazee wako wangali hai. Ukichelewa, atakayedaiwa si wewe. Ni yule mchanga wa nyumbani, ambaye bado hajui kusema.