Jicho Jekundu la Mkeka wa Mama

Hadi leo nikipita Bodo nikasikia wanawake wakicheka nyuma ya leso zao nakaza mwendo, na wana haki ya kunicheka, maana balaa lenyewe nililileta kwa mkono wangu.

Miaka ile ya hamsini marehemu mama alikuwa akisuka mikeka hapa Msambweni, na kila mkeka aliutia pembeni jicho dogo la ukindu mwekundu (mwenye duka akiliona hilo jicho hata haukunjui mkeka, anaununua vivyo hivyo). Alipofariki nikalirithi, na kila nilipolisuka nilihisi kama yuko kando yangu. Basi wifi yangu Mwanakombo, ambaye mikeka yake ilikuwa haitoki, akanijia na maneno matamu nimtilie jicho mikeka yake michache tu, nami nikaona haya kumnyima wifi (haya hizi zitaniua), nikamtilia, wala sikumuuliza kama ukindu wake wa zambarau aliuchemsha na rangi ikashika au aliuchovya tu.

Ikaja harusi ya Bodo, mikeka yenye jicho ikatandikwa mbele, wazee wakakaa na kanzu zao nyeupe, wakanyunyiziwa marashi mpaka wakalowa, na mimi upande wa wanawake najisifu kwamba mikeka yote ile ni ya kwetu. Nikahi ikaisha, maalimu akasimama, nyuma zambarau tupu, akafuata baba wa bwana harusi, naye zambarau, na bwana harusi mwenyewe, masikini, alikuwa amekaa muda mrefu kuliko wote. Vicheko vikapasuka, kisha mtu akainua pembe ya mkeka akalitazama jicho, na nyuso zote zikageukia upande wa wanawake, kwa sababu walijua ni la nani.

Maalimu akaniita, akasema nami kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

"Mwanangu, mikeka ya mamako nimeikalia tangu ujanani. Haijanitia rangi hata siku moja."

Nikamtafuta wifi, wifi yuko jikoni anapakua pilau kama hanijui.

Nikaapa jicho lile simpi mtu tena, hata awe ndugu wa tumbo moja, na kiapo nimekishika. Lakini mama nilimtamani sana miaka iliyofuata, kila nilipopeleka mkeka dukani, maana mwenye duka alianza kuukunjua wote na kuusugua kwa kidole alichokilowesha mate. Naye mwenye duka ameshafariki. Hakununua tena mkeka wangu bila kuukunjua.